Sura ya Tisa: Kukatua na Jamaa Zake

Katika Kiswahili kinachosemwa Nairobi leo kuna kitenzi kimoja kilichojitwalia kazi za jamaa zake wote, nacho ni kukarabati. Barabara ya Jogoo ikifanya mashimo, hukarabatiwa. Paa la zahanati likivuja, hukarabatiwa. Simu iliyopasuka kioo hukarabatiwa na kijana aliyeketi nyuma ya kijimeza kando ya njia. Na hata mtaa mzima wa nyumba za kupanga, unapokusudiwa kubomolewa hadi msingi ili maghorofa yasimame mahali pake, hutangazwa hadharani kwamba utafanyiwa ukarabati. Sina uhasama na kitenzi hicho, maana kina heshima yake na kimetufaa. Ila naona kwamba mtu mwenye neno moja kwa kazi saba aghalabu huishia kutojua ni ipi kati ya hizo saba iliyofanywa, na mwenye mali asiyejua hilo hulipia asichotendewa.

Wazee wa pwani walikuwa na vitenzi vingi vya jambo hili, na kila kimoja kilifuata mwendo wa mkono. Kilichovunjika kiligangwa, yaani kilifungwa na kuungwa mpaka kishikane, ndiyo sababu mfupa wa mtu na mlingoti wa jahazi viliweza kutumiwa kitenzi kimoja, kilichotoboka kilizibwa, kilichochanika kilitiwa kiraka, kilichochujuka kilipakwa. Na kitu cha madini kilichofifia kwa kutu, kwa moshi au kwa mikono ya watu, hicho kilikatuliwa. Kukatua ni kusugua shaba, fedha au chuma mpaka kirudishe mng'aro wake: kisu hukatuliwa, upanga hukatuliwa, sinia na chetezo hukatuliwa, na kazi ikiisha husemwa kwamba chombo kimekatuka. Kitenzi hicho hicho hutumika shambani, hususan Tanzania, kwa kuivunja ardhi kabla ya kupanda. Na ingawa sitaki kuzitafutia maana hizo mbili nasaba moja, naona zinakaa jirani bila ugomvi, kwa kuwa katika zote mbili mtu huushughulikia uso wa juu uliojifunga ili kilicho chini kipate hewa na nuru.

Katika jamaa hiyo yote, kukatua ndicho kitenzi cha ajabu, na ndicho kilichonifanya nikiandikie sura. Apakaye huongeza, azibaye huongeza, atiaye kiraka huongeza, tena kiraka chake huonekana, lakini akatuaye haongezi chochote. Hupunguza tu. Huondoa ukoga, huondoa masizi, huondoa kijani kilichoota juu ya shaba, na pamoja na hayo huondoa, apende asipende, chembe ya shaba yenyewe. Kwa hiyo akatuaye ni lazima awe na imani fulani kabla hajashika kitambaa: kwamba chini ya uchafu kuna kitu chenye thamani, na kwamba kitu hicho ni kinene vya kutosha kustahimili mkono wake. Imani hiyo ikikosekana, mtu hachukui kitambaa, huchukua ndoo ya rangi; na ikiwa hata rangi haioni maana, huchukua nyundo.

Ukitaka kukiona kitenzi hiki kikifanya kazi Nairobi, pa kuanzia ni Majengo, Pumwani. Mtaa huo ulipangwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, watu wakaanza kuhamia karibu na mwaka 1922, wakitolewa katika vijiji vya awali vya Waafrika ambavyo wakuu wa mji hawakupenda kuviona. Na kwa kuwa hapo mwenyeji aliruhusiwa kujenga nyumba yake mwenyewe, zikasimama nyumba za mtindo wa pwani, zenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku, na pamoja na nyumba zikaja lugha, misikiti, maandazi ya asubuhi na kahawa chungu ya jioni. Shaba ilikuja na watu hao. Chombo cha kahawa cha shaba, chenye makaa chini yake, si chombo cha kuchakaa kimya kimya: moshi hukitia weusi, mvuke hukitia madoa, na vidole vya muuzaji huacha alama palipo na mpini. Kukikatua, watu hutumia ndimu na majivu yaliyochekechwa, au ukwaju uliolowekwa, au mchanga laini kama hakuna kingine. Tindikali ya ndimu huyeyusha ile tabaka nyeusi na kijani iliyofanywa na hewa juu ya shaba. Majivu hukwangua kilicholegea. Kisha chombo husuuzwa mara moja kwa maji mengi na kukaushwa kwa kitambaa, maana tindikali ikiachwa huendelea kuila shaba yenyewe baada ya kumaliza uchafu, nayo hewa hurudi kutia doa siku ile ile. Hata mkono una adabu yake: husugua kwa duara ndogo ndogo, ukipita juu ya nakshi kwa wepesi, kwa sababu nakshi ndiyo sehemu iliyoinuka na ndiyo itakayolika kwanza.

Mbao nazo zina kitenzi chao, kupiga msasa, nacho kimetoka mtini. Msasa ni mti wa jamii ya mkuyu wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na kabla karatasi ya dukani haijafika, fundi wa pwani alichuma majani hayo, akayakausha, akalainishia milango, vitanda na mipini. Karatasi ilipokuja ilirithi jina la jani, na sasa katika vibanda vya samani vya Gikomba na Shauri Moyo husikii kingine ila msasa: msasa namba themanini kwa kuondoa vanishi ya zamani, mia na ishirini kwa kufuta mikwaruzo ya themanini, mia mbili na arobaini kabla ya kupaka, na mia nne baina ya mkono mmoja wa vanishi na mwingine. Namba ikipanda, chembe huwa ndogo zaidi. Na siri yote ya kazi hiyo, ambayo mwanafunzi mwenye haraka huikataa mpaka aadhibiwe na kiti chake mwenyewe, ni kwamba kila msasa hufuta makosa ya msasa uliotangulia, kwa hiyo arukaye namba hubaki na mikwaruzo ambayo vanishi haitaificha bali itaikuza. Tena husuguliwa kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa kuzikata.

Kutoka kwenye benchi la seremala, kitenzi hicho kimepanda mpaka Bungeni. Tanzania ukisikia kwamba walimu wamepigwa msasa, aghalabu maana yake ni kwamba wamepewa mafunzo ya kuwanoa. Kenya, tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipoagiza kwamba wateule wa vyeo vikubwa wachunguzwe kabla ya kuapishwa, kupigwa msasa kumekuwa ni kuhojiwa mbele ya kamati juu ya mali, elimu na mwenendo, na majaji waliokuwa kazini wakati huo walipitishwa chini ya jani hilo, wengine wakatoka wakiwa laini na wengine wasitoke kabisa. Naupenda upana huu wa maana. Mtanzania ameushika upande wa kulainisha, Mkenya ameushika upande wa kukwaruza, na seremala wa Shauri Moyo angewaambia wote wawili kwamba haviachani.

Lakini hazina ya Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, iko Gikomba, kwenye viatu. Robota la viatu vya mitumba linapofunguliwa, viatu hutoka vimebanwa na kukunjika, kamba zimefungwa pamoja ili jozi zisipoteane, vingine vina tope la nchi ambayo mnunuzi hatoiona maisha yake. Fundi huvitenga kwanza kwa jicho, na hapo ndipo ilipo elimu yake: vilivyokufa ngozi huviacha, vilivyochafuka tu huvichukua, na vilivyofunguka soli huviweka kando. Huondoa kamba akazifua mbali. Husugua ngozi kwa brashi na maji ya sabuni, si maji mengi, na kingo nyeupe za soli huzifuata kwa mswaki uliostaafu, mshono kwa mshono. Kisha huvijaza karatasi za magazeti zilizofinyangwa, zifyonze unyevu na kurudisha umbo la mguu, na huvianika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hukausha ngozi upesi mno ikapasuka pale inapokunjika vidoleni. Soli iliyofunguka husafishwa gundi ya zamani kwa msasa, hupakwa gundi mpya pande zote mbili, huachwa mpaka ishike mkononi, ndipo hukandamizwa na kushonwa kwa msharasi na uzi uliotiwa nta. Rangi huja mwisho kabisa, tena kidogo. Mama mmoja huinua kiatu cha shule, akakipindua, akauliza, "Fundi, hivi si vimevaliwa?" naye hujibiwa, "Vimevaliwa, mama, lakini havijachoka," na bei huanza kujadiliwa kutoka hapo.

Jibu hilo lina uaminifu zaidi kuliko matangazo mengi ya biashara, maana halidai upya. Fundi huyo hajafanya kiatu kipya na hasemi amefanya. Ameganga palipofunguka, amekatua palipofifia, na kilichobaki amekiacha na umri wake. Hatua chache kutoka hapo, Kamukunji, ambako Rais Moi alifika mwaka 1985 na mafundi wa jua kali wakapewa vibanda baada ya ziara hiyo, kazi ni nyingine kabisa: pipa la mafuta hukatwa, hunyooshwa kwa nyundo mchana kutwa mpaka lisahau uduara wake, likatoka sanduku la mwanafunzi wa bweni, au karai, au jiko. Watu wa mbali huzitia kazi zote mbili katika fungu moja la kutumia vitu vya zamani. Si fungu moja. Yule wa Kamukunji hugeuza, na pipa halina haki ya kudai kwamba lingali pipa. Yule wa Gikomba hurudisha, na kiatu kingali kiatu kile kile.

Nimesema kwamba akatuaye hupunguza, na akizidisha huondoa kisichorudi. Katika miaka ya 1937 na 1938, pale British Museum, London, sanamu za marumaru zilizotolewa kwenye hekalu la Parthenon zilikuwa zikitayarishwa kwa ajili ya ukumbi mpya uliogharimiwa na tajiri Joseph Duveen, naye alitaka marumaru iwe nyeupe, kwa kuwa nyeupe ndiyo rangi aliyoidhania kuwa ya Wayunani. Vibarua wakapewa vyombo vya shaba na unga wa kukwaruza, wakasugua. Walichokidhania kuwa uchafu kilikuwa kwa sehemu ngozi ya jiwe lenyewe, rangi ya asali iliyofanyika kwa karne nyingi, na pamoja nayo zikaondoka alama nyembamba za kazi ya mchongaji. Hakuna msasa unaoweza kurudisha kilichoondolewa na msasa. Nao waliofanya hivyo hawakuwa wahuni wala wezi. Walikuwa wafanyakazi watiifu waliopewa kitenzi sahihi na kipimo kibaya. Zanzibar imeonja upande mwingine wa msiba huo: Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jengo kongwe likiguswa hujibu, na si kila mara hujibu kwa upole.

Sasa tuingie katika nyumba za kupanga. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na jamaa zao, nyumba za mawe za chini zenye paa za vigae vyekundu, zimepangwa kuzunguka njia zilizopinda na viwanja vya majani, na katikati ukumbi wa kijamii ambamo wanasiasa wa miaka ya 1950, Tom Mboya miongoni mwao, walihutubia umma. Baadaye zikafuata Bahati, Mbotela, Ofafa, Jericho, Jerusalem na nyinginezo, mbili kati yake zikibeba majina ya madiwani waliouawa katika miaka ya Hali ya Hatari, Tom Mbotela mwaka 1952 na Ambrose Ofafa mwaka 1953. Mwenye nyumba hizo alikuwa baraza la mji, na sasa ni serikali ya kaunti. Na mwenye nyumba wa aina hii, kwa miongo mingi, amejua kitenzi kimoja tu, kupaka: ukuta wa nje hupakwa rangi kukikaribia jambo kubwa, ilhali bomba la ndani limeziba, kigae kimepasuka, na mbao ya dirisha imeoza chini ya rangi hiyo hiyo, ambayo kwa hakika huharakisha kuoza kwa kuufungia unyevu ndani. Mpangaji naye yumo katika kitendawili. Akitengeneza, ametengeneza mali ya mwingine, na kodi yake haipungui. Asipotengeneza, mvua inamnyeshea yeye wala si kaunti. Kwa hiyo Kaloleni imeota vyumba vya mabati ubavuni mwa nyumba za mawe, kwa kuwa kibanda cha mabati ukijenga wewe ni chako, lakini kigae ukibadilisha wewe ni cha kaunti. Buruburu, iliyojengwa katika miaka ya 1970 kwa kuuzwa, hali ni kinyume: huko kila mwenye nyumba amefanya alivyotaka, amepandisha ghorofa, amefungua duka ukutani, mpaka sura ya kwanza ya mtaa ni kazi kuitambua. Kukatua kunataka mtu mwenye haki juu ya kitu na pia mwenye haya juu yake, na Eastlands imegawanya sifa hizo mbili kwa mitaa tofauti.

Hata hivyo kuna kazi moja huko ninayoiona kuwa ya kukatua hasa, nayo ni ya maktaba. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo na simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa katikati ya mji mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya tajiri mmoja wa kizungu, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake kwa miaka mingi. Baraza la Jiji liliichukua mwaka 1962, ikawa ya watu wote, na matawi mawili yakawepo Eastlands, Kaloleni na Makadara. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka waliasisi shirika liitwalo Book Bunk, wakaafikiana na kaunti kuzirejeshea hadhi maktaba hizo tatu. Walianza kwa kuhesabu: vitabu viliorodheshwa, nyaraka zikaanza kupigwa picha na kuhifadhiwa, ndipo majengo yakashughulikiwa, na matawi ya Kaloleni na Makadara yakatangulia kukamilika kabla ya jumba kuu la mjini.

Hapa kitenzi chetu hupata jaribio zito. Sinia la shaba halina kisa cha kuficha. Ukilikatua linang'aa, basi. Lakini maktaba iliyojengwa kwa ajili ya wachache, ukiirudishia mng'aro wake wa mwaka 1931 kama ulivyokuwa, utakuwa umeng'arisha na ule mlango uliofungwa. Kwa hiyo walioifanyia kazi walilazimika kuchagua kwa kila rafu ni kipi ni ukoga na kipi ni shaba, na vitabu vilivyoandikwa juu yetu na watu waliotuona kwa mbali, je, ni uchafu wa kuondolewa au ni nakshi ya zama zake ya kupitiwa kwa wepesi? Mimi naelekea upande wa kuvibakisha, maadamu vimeandikwa katika orodha kwa jina lake halisi na havikuachwa rafuni peke yake. Ila najua wasomaji wangu wengine, hasa vijana wa Kaloleni wanaotaka rafu hiyo kwa ajili ya riwaya na vitabu vya mitihani, watanipinga, na hoja yao ina uzito.

Na ziko nyumba ambazo hakuna aliyezichukulia kitambaa. Kijiji cha Pangani, kimoja katika vile vya kale vya Waafrika Nairobi, kilibomolewa mwaka 1939, na wakazi wakatakiwa kuhamia Shauri Moyo. Miaka themanini hivi baadaye, mtaa wa nyumba za baraza uliokuja kubeba jina hilo hilo la Pangani ulibomolewa nao, wapangaji wakiahidiwa nafasi katika maghorofa ya bei nafuu yaliyosimama hapo, na mitaa mingine ya Eastlands imeorodheshwa kufuata njia hiyo. Huenda ni lazima. Mji umejaa, nyumba ya chini hukalisha jamaa moja palipoweza kukaa ishirini, na sipendi hoja za wapenzi wa vigae wasiolala chini ya vigae hivyo. Lakini kazi hiyo ina kitenzi chake, kizee na kisicho na aibu yoyote, nacho ni kuvunja. Wakoloni waliovunja Pangani ya kwanza, pamoja na dhuluma yao yote, hawakudai kwamba wanaikarabati.